Hukumu Haina Bunduki

Maelezo baada ya habari, kwa askari wa jeshi na polisi



Kila siku, kwenye mpaka wetu wa mto Lubiriha pale Mpondwe, konstebo wa polisi na mwanajeshi husimama mahali pamoja. Mbele yao hupita malori yaendayo Kasindi na Beni, akina mama wenye mizigo ya samaki vichwani, vijana wa bodaboda na wakimbizi wenye magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Apitaye hapo haoni jaji. Haoni wakili wala mbunge. Aonalo ni sare mbili, na katika sare hizo mbili ndimo anamoiona Serikali nzima. Atakalotendewa hapo ndilo atakaloliita sheria ya Uganda, hata kama Katiba imeandika jambo jingine.

Natanguliza hayo kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yahusu hukumu za mahakama. Najua wako watakaosema kwamba mambo hayo ni ya mawakili wa Kampala. Mimi mwenyewe ni mtangazaji tu, si mwanasheria, na elimu yangu iliishia sekondari. Lakini nimekaa miaka kadhaa kwenye mabenchi ya mahakama nikiandika habari, na nimejifunza jambo moja: hukumu haina miguu wala haina bunduki. Jaji akishaisoma na kuitia sahihi, haiwezi kutoka mlangoni mwa mahakama mpaka askari aichukue.

Tuanze na habari yenyewe. Tarehe 31 Januari 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda, Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo akiongoza jopo, ilitoa hukumu katika rufani ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Bwana Michael Kabaziguruka. Bwana huyo alikuwa mbunge wa Nakawa alipokamatwa mwaka 2016 na kushitakiwa mbele ya Mahakama Kuu ya Jeshi, ingawa hakuwa mwanajeshi. Mahakama ya Katiba ilimpa haki mwaka 2021. Serikali ikakata rufani, na rufani hiyo ndiyo iliyokataliwa. Majaji walisema kwamba mahakama za kijeshi, kama zilivyokuwa zimeundwa, hazikuwa na uhuru unaotakiwa na Katiba kwa kumhukumu raia. Wakaamuru kesi za raia zilizokuwa zikiendelea huko zisimame, na majalada yake yapelekwe katika mahakama za kiraia.

Mwezi Mei mwaka uo huo Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya Jeshi, na mwezi Juni Rais akayatia sahihi. Sheria hiyo mpya iliruhusu raia kushitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi katika hali zilizotajwa, kama vile kupatikana na silaha za namna ya kijeshi, na ikataka wenyeviti wa mahakama hizo wawe wanasheria wenye sifa. Wako waliokwenda Mahakama ya Katiba kuipinga.

Mabishano hayo yana wenyewe, na wenyewe wana joho na vitabu. Sisi wa darajani tujiulize swali letu: hukumu ikishatolewa, ni nani aifanyaye iwe hukumu kweli?

Ndugu askari, swali hili si geni duniani. Marekani waliliuliza tangu taifa lao likiwa changa. Mwaka 1803, katika kesi ya mtu aitwaye William Marbury, Jaji Mkuu John Marshall alitangaza kwamba sheria yoyote inayopingana na Katiba si sheria, na kwamba ni kazi ya mahakama kusema hivyo. Maneno hayo ndiyo yaliyoweka msingi wa hukumu zote za katiba zilizofuata katika nchi ile, na yamesafiri mpaka kwetu. Lakini Marshall hakuwa na hata kikosi kimoja. Fedha zilikuwa mikononi mwa Bunge, na jeshi mikononi mwa Rais. Mahakama ilikuwa na neno lake tu.

Miaka 150 baadaye neno hilo lilijaribiwa. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya kesi ya Brown, kwa sauti moja ya majaji wote 9, kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Hukumu ilikuwa wazi. Lakini tarehe 4 Septemba 1957, watoto weusi 9 walipofika kuanza masomo katika shule ya Central High mjini Little Rock, jimbo la Arkansas, walikuta mlango umezibwa. Aliyeuziba hakuwa mhuni. Alikuwa askari, mwenye sare na bunduki, wa jeshi la akiba la jimbo, akitekeleza amri ya Gavana Orval Faubus.

Siku 20 baadaye Rais Dwight Eisenhower alitoa amri yake. Huyu alikuwa jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika huko Ulaya katika Vita Kuu ya Pili. Hukumu ya Brown hakuwahi kuisifu hadharani. Hata hivyo aliona kwamba Rais akiiacha amri ya mahakama ikanyagwe na genge la watu mtaani, basi hakuna tena taifa. Akapeleka askari wapatao 1,000 wa miavuli wa Divisheni ya 101, na jeshi la akiba la Arkansas akaliweka chini ya amri yake mwenyewe. Tarehe 25 Septemba wale watoto 9 waliingia shuleni, askari wakiwa mbele na nyuma yao.

Tazameni jambo hili kwa makini. Askari wa akiba waliouziba mlango mwanzoni mwa Septemba waliwekwa baadaye kuwalinda watoto wale wale. Sare haikubadilika wala bunduki haikubadilika. Kilichobadilika ni amri iliyokuwa nyuma ya bunduki. Mara ya kwanza ilikuwa amri ya mtu dhidi ya mahakama. Mara ya pili ilikuwa amri ya kuitii mahakama. Na Katiba ya Marekani ilikuwa ile ile siku zote mbili.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana na sisi tunayo milango yetu.

Mwaka 1966 nchi yetu ilitikisika. Katiba ya uhuru ilifutwa, na mwezi Aprili wabunge wakapewa nyingine waliyoikubali kabla ya kuisoma. Chifu mmoja wa saza huko Buganda, Michael Matovu, alikamatwa na kutiwa kizuizini, naye akaiomba Mahakama Kuu imwachilie. Mwezi Februari 1967 Jaji Mkuu Udo Udoma na majaji wenzake wawili walitoa hukumu ambayo hadi leo husomwa katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi. Wakifuata mafundisho ya mwanachuoni wa Austria aitwaye Hans Kelsen, walisema kwamba mapinduzi yaliyofaulu huzaa sheria mpya, kwa hiyo Katiba ya 1966 ilikuwa halali. Ombi la Matovu likakataliwa.

Siwahukumu majaji wale. Walikuwa watu wa sheria katika wakati mgumu. Lakini somo ambalo wengi walilichukua humo lilikuwa la hatari, yaani kwamba mwenye nguvu akishinda, mahakama itamfuata nyuma ikimwandikia hati. Haukupita muda mrefu, Januari 1971, nguvu ikaja kutoka kambini.

Jaji Mkuu aliyeteuliwa na Serikali ya Idi Amin mwaka 1971 alikuwa Benedicto Kiwanuka, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho, aliyekuwa amepata kuwa Waziri Mkuu kabla ya uhuru. Mwezi Septemba 1972 aliletewa ombi la Mwingereza mmoja aliyekuwa amezuiliwa na wanajeshi. Kiwanuka alisema wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu yule, akaamuru aachiliwe. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, wakamtoa Jaji Mkuu mbele ya watu, wakaondoka naye. Hakurudi. Mwili wake haukupata kuonekana.

Ndugu askari, siku ile hukumu haikushindwa kwa hoja. Ilishindwa kwa sababu waliokuwa na bunduki walikubali kuwa mkono wa mtu badala ya kuwa mkono wa sheria. Na baada ya siku ile si raia tu walioteseka. Maafisa na askari wengi wa jeshi lile lile walipotea usiku kambini mwao, wala hapakuwa na jaji wa kuwauliza waliowachukua.

Tarehe 16 Novemba 2005 mlango wa Mahakama Kuu ya Kampala ulijaribiwa tena. Jaji alikuwa amewapa dhamana washitakiwa 14. Watu wenye silaha, waliovaa fulana nyeusi, wakaizingira mahakama, na washitakiwa wale wakarudishwa gereza la Luzira. Siku iliyofuata wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Tarehe 1 Novemba 2007 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, ilitamka kwamba kitendo cha askari wenye silaha kuzuia amri halali ya mahakama isitekelezwe kilivunja utawala wa sheria na Mkataba wa Jumuiya tuliouweka sahihi wenyewe.

Basi mwaonaye mlango ni mmoja, iwe Little Rock au Kampala. Askari husimama mbele yake ama kuufunga ama kuufungua.

Hapa najua kuna sajini mmoja anayenisikiliza kutoka vilima vya Rwenzori, naye anatikisa kichwa. Anasema: "Mtangazaji, wewe umekaa studio. Mimi nilikuwa Mpondwe." Nami sina haki ya kumpuuza. Waasi wa ADF walianza vita vyao kwa kuishambulia Mpondwe hii hii, Novemba 1996. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha wakaua watu 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Wako walioungua mabwenini hata ndugu zao wasiweze kuwatambua. Sajini huyo auliza: mtu aliyetenda hayo, nikimkamata, kwa nini nimpeleke kwa hakimu wa Kasese, ambako kesi itaahirishwa mwaka baada ya mwaka? Tena atanikumbusha kwamba kesi ya mapambano ya Novemba 2016 katika ikulu ya Rwenzururu mjini Kasese, yaliyoua watu zaidi ya 100, ilikaa mahakamani mpaka Juni 2023, mashitaka dhidi ya Omusinga Charles Wesley Mumbere yalipoondolewa.

Swali hilo ni la haki, na lina majibu mawili.

La kwanza latoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1864 jeshi lilimkamata raia mmoja wa jimbo la Indiana, Lambdin Milligan, kwa kula njama na adui. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kunyongwa. Mwaka 1866 Mahakama ya Juu ilisema hapana. Aliyeiandika hukumu alikuwa Jaji David Davis, rafiki wa Rais Lincoln na mteule wake mwenyewe. Majaji hawakusema Milligan ni malaika. Walisema kwamba mahali ambapo mahakama za kiraia ziko wazi na zinafanya kazi, raia hapelekwi mbele ya mahakama ya kijeshi, hata wakati wa vita. Mahakama ya Kasese iko wazi. Kama ni ya polepole, dawa yake ni mahakimu zaidi, wapelelezi zaidi na mafuta katika magari yao, wala si kuihama.

Jibu la pili ni letu sisi wenyewe, nalo ni chungu zaidi. Nimepata kuona kesi ikianguka mahakamani, na watu nje wakamlaani hakimu. Lakini mimi nilikuwa ndani. Silaha iliyokamatwa haikuletwa, kwa sababu hakuna aliyeandika ilipokabidhiwa. Shahidi aliyekuwa na sare alihamishwa kikosi wala hakuitwa. Maelezo ya mshitakiwa yalitupwa, kwa kuwa alama za mateso zilionekana mwilini mwake. Hakimu angefanya nini? Muuaji akiachiliwa namna hiyo, aliyemfungulia mlango ni yule aliyemkamata vibaya.

Wamarekani walibishana sana juu ya jambo hili mwaka 1966, katika kesi ya Ernesto Miranda, mtu aliyekamatwa Phoenix, jimbo la Arizona, akakiri kosa kituoni bila kuambiwa haki zake. Majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba kukiri kule hakufai, na tangu hapo polisi wa Marekani humwambia mshukiwa kwamba anayo haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Wengi walilia kwamba majaji wamewafungulia wahalifu. Lakini Miranda alishitakiwa upya mwaka 1967, safari hii kwa ushahidi mwingine, akatiwa hatiani tena. Hukumu ile haikumwokoa mhalifu. Ilimlazimisha polisi afanye kazi yake vizuri zaidi.

Kwetu mambo hayo yameandikwa tayari katika Katiba ya 1995. Ibara ya 23 yasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48. Ibara ya 24 inakataza mateso, na Ibara ya 44 yasema katazo hilo haliondolewi kwa sababu yoyote ile. Ibara ya 128 inaviagiza vyombo vyote vya Serikali kuzipa mahakama msaada ili kazi yao ifanikiwe. Ibara ya 208 inalitaka jeshi liwe la kitaifa, lenye nidhamu, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Hayo si maneno ya kigeni. Ni amri za kazi, kama zilivyo amri za zamu zilizobandikwa ukutani kwa afande wenu.

Kwa hiyo mwanajeshi aliyemkamata mshukiwa mlimani na amkabidhi kwa polisi pamoja na silaha yake, na jina la aliyepokea liandikwe, na saa iandikwe. Polisi aliyepokea na aanze kuhesabu saa 48 tangu kukamatwa, wala si tangu alipopata nafasi. Kijana wa zamu anayetumwa kumrudisha ndani mtu aliyepewa dhamana, kwanza na aulize iko wapi hati ya mahakama. Kuuliza hivyo si uasi. Ni utii kwa amri iliyo kubwa kuliko zote.

Tena, ndugu askari, msidhani ulinzi huu ni wa raia peke yao. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwezi Machi 2002, huko Kotido, askari wawili walishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya uwanjani kwa kumwua padri mmoja na watu wawili waliokuwa naye. Walihukumiwa na kupigwa risasi siku hiyo hiyo, siku 4 tu baada ya mauaji, kabla ya rufani yoyote kusikilizwa. Labda walikuwa na hatia. Lakini kama hawakuwa nayo, leo nani atawafufua? Linganisheni na hukumu ya Januari 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, Mahakama ya Juu iliposema adhabu ya kifo isiwe ya lazima, bali jaji asikilize kwanza mazingira ya kila mtu; na kwamba mfungwa asiyenyongwa katika miaka 3 tangu rufani yake ya mwisho, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Hukumu hiyo ni mali ya askari kama ilivyo mali ya mkulima wa kahawa. Siku askari avuliwapo mkanda na kusimama kizimbani, ndipo ajuapo thamani ya jaji asiyempigia saluti mtu yeyote.

Ndugu zangu, majaji wa Kampala hawatakuja Mpondwe kuilinda hukumu yao. Hawana kambi wala gari la deraya. Wanao ninyi. Kesho alfajiri mtakapopokea zamu pale darajani, na mtu akasimama mbele yenu bila nguvu yoyote isipokuwa karatasi yenye muhuri wa mahakama, kumbukeni kwamba bila mikono yenu karatasi hiyo haina uzito hata wa jani la mgomba. Ipokeeni, isomeni, itekelezeni.

Nawatakia zamu njema.